Vipapatio vya kuku vyenye ngozi inayolia kwenye meno: mwongozo kamili kuanzia buchani hadi sahanini

Malalamiko ninayoyapokea kuhusu vipapatio ni yale yale kila wiki. Ngozi imekuwa kama mpira. Nje vimeungua, ndani vina damu. Vimetoa maji kwenye kikaango mpaka vikachemka badala ya kukaangika. Dada mmoja alinitumia picha ya trei aliyoitoa kwenye oveni baada ya saa nzima: vipapatio ishirini vimelala kwenye maji ya rangi ya waridi, vimepauka, na ngozi zimejikunja. Alikuwa amefuata viungo vyote nilivyomwelekeza. Kosa halikuwa kwenye viungo.

Nimeona nisiendelee kumjibu mmoja mmoja. Ninachokiamini baada ya kupika vipapatio mara nyingi ni hiki: vingi haviharibikii motoni, vinaharibikia kwenye maji. Maji ya barafu, maji ya kuoshea, maji ya ndimu. Ngozi ikiwa imelowa, joto la juu yake halivuki nyuzi 100 za Selsiasi mpaka maji yote yaishe, na ngozi haianzi kupata rangi vizuri hadi ifike karibu nyuzi 140. Moto mwingi unaowasha unatumika kufukuza maji, na nyama nayo inazidi kukauka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kuwasha jiko.

Hapa Dar tunasema vipapatio, ndugu zetu wa Kenya wanasema mabawa. Ni kitu kimoja.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

Kwa kilo moja ya vipapatio, inayotosha watu watatu wenye njaa ya kawaida:

- Kisu chembamba kilichonolewa. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu.
- Kibao cha kukatia ambacho hakikatiwi kachumbari.
- Karatasi za kukaushia za jikoni, au vitambaa viwili safi vya pamba utakavyovichemsha baadaye.
- Wavu wa chuma na trei ya kukaa chini yake.
- Chumvi laini, pilipili manga, binzari nyembamba.
- Bekingi pauda, ile ya kopo ya kuumulia keki, kama utatumia oveni. Siyo magadi, na siyo hamira.
- Kibanio cha kugeuzia. Uma hutoboa ngozi na kumwaga mafuta.
- Kipimajoto cha chakula, kama unaweza kukipata. Kama huna, nitakuonyesha njia nyingine.

Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi viweke pembeni kwanza. Vitakuja mwishoni, na sababu nitaieleza.

## Hatua ya 1: Kununua

### Jua unanunua kuku gani

Mwongozo huu ni wa kuku wa kisasa, broila, anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita. Nyama yake ni laini tangu mwanzo, kwa hiyo moto mkali na wa muda mfupi unamtosha.

Kipapatio cha kuku wa kienyeji ni kidogo, kina misuli iliyofanya kazi, na kinataka maji na muda. Ukikichoma kikavu kitakushinda kutafuna. Kipeleke kwenye mchuzi au supu, huko ndiko utamu wake uliko.

Anayewachanganya wengi ni kuku wa mayai aliyeacha kutaga. Huyu huuzwa akiwa amevuka mwaka mmoja, mara nyingi kwa bei inayovutia. Mtambue kwa mafuta ya manjano iliyokolea, ngozi nene na ncha ya mfupa iliyokomaa. Ukibonyeza ncha ya kidari cha broila inapinda, kwa sababu bado ni gegedu. Ya kuku wa mayai ni ngumu kama mfupa wa kweli. Ukimkaanga huyu kwa njia ya broila utadhani umekosea upishi.

### Mahali na wakati

Kuku mmoja ana vipapatio viwili tu. Kilo moja ni vipapatio kama kumi hadi kumi na viwili, yaani kuku watano au sita. Kwa hiyo usinunue kuku mzima kwa ajili ya vipapatio. Tafuta muuzaji anayekata vipande na kuuza kila kimoja kivyake. Masoko makubwa ya kuku kama Kisutu na Shekilango yana wauzaji wa namna hiyo, na mabucha mengi ya kuku mitaani yatakuwekea ukiagiza siku moja kabla.

Nenda asubuhi. Vipapatio vilivyokaa mezani hadi saa nane mchana bila barafu, katika joto letu la Januari, usivichukue hata ukipunguziwa bei.

Kama kuku amechinjwa mbele yako sasa hivi, usikimbilie kumpika. Misuli hukaza baada ya kuchinjwa, kisha hulegea yenyewe. Mwache kwenye friji masaa manne hadi sita. Wengi wanaolalamika kwamba "kuku wa leo leo" ni mgumu walimtoa bandani wakampeleka moja kwa moja kwenye sufuria.

### Namna ya kukagua vipapatio vibichi

Tumia macho, pua na kidole, kwa mpangilio huo.

Ngozi iwe ya rangi ya maziwa au manjano hafifu, isiyo na mabaka ya kijani wala kijivu. Kagua kiungo cha begani: damu iliyovilia, nyekundu au zambarau, maana yake kipapatio kilivunjika kuku akiwa bado hai, na sehemu hiyo itabaki nyeusi hata ikiiva.

Nusa karibu na mkunjo, pale ngozi inapojikunja kati ya vipande viwili. Huko ndiko harufu inakoanzia. Kuku mzuri hana harufu ya kusema. Harufu ya uchachu au yai bovu, rudisha.

Bonyeza nyama kwa kidole. Inatakiwa irudi. Kisha sugua kidole kwenye ngozi: iwe na unyevu, lakini isiteleze kama sabuni. Utelezi huo hauondoki kwa ndimu. Ni dalili kwamba vijidudu vimeshaongezeka.

### Vya pakiti, vilivyogandishwa

Vilivyogandishwa vizuri havina ubaya wowote. Tatizo ni vilivyoyeyuka njiani vikagandishwa tena. Shika pakiti na uitikise. Vipapatio vikicheza kimoja kimoja, au vikiachana kirahisi, ni salama zaidi. Vikiwa bonge moja lenye barafu ya waridi chini, basi viliyeyuka, maji ya damu yakakusanyika, kisha vikaganda upya. Viache.

Mabaka meupe makavu kwenye ngozi ni kuungua kwa baridi. Hayadhuru, ila sehemu hiyo itakuwa kama karatasi mdomoni.

Soma pia lebo. Ukiona chumvi au maji yametajwa pamoja na kuku, jua nyama hiyo imeshatiwa maji ya chumvi kiwandani, na utapunguza chumvi yako kwa nusu. Niliwahi kununua kilo mbili kwenye duka moja la mjini. Barafu ilipoyeyuka nikapima tena, na nyama ilikuwa kilo moja na gramu mia sita. Nililipia maji yaliyobaki kwenye beseni. Tangu siku hiyo naangalia unene wa barafu iliyozunguka kila kipande kabla ya kuangalia bei.

### Neno la kumwambia muuzaji

Kwenye bucha nyingi kipapatio kinawekwa juu ya gogo na kupigwa panga katikati ya mfupa. Mfupa unapasuka na kuacha vichane vidogo vikali ndani ya nyama. Kwa watoto hiyo ni hatari.

Mwambie mapema: "Kaka, naomba usinikatie. Nipe vizima, nitakata mwenyewe kwenye viungo." Kama una haraka: "Nikatie kwa kisu, kwenye kiungo, usipige mfupa." Akikubali, simama umwangalie cha kwanza.

Umefanikiwa kama: umefika nyumbani na vipapatio vizima, vyenye ukubwa unaokaribiana. Ukubwa ukitofautiana sana, vidogo vitaungua vikisubiri vikubwa.

## Hatua ya 2: Kuyeyusha barafu

Kama ulinunua visivyogandishwa, ruka hatua hii.

Njia nzuri ni friji: weka pakiti ndani ya bakuli, rafu ya chini kabisa, masaa 12 hadi 24. Rafu ya chini ni kwa ajili ya kuzuia maji ya kuku yasidondokee mboga.

Kama una haraka, funga vipapatio kwenye mfuko usiopitisha maji na uzamishe kwenye maji baridi, ukibadilisha maji kila dakika 30. Kilo moja huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Maji baridi namaanisha baridi kweli. Maji ya tangi lililoshinda juani ni ya uvuguvugu, basi tia mabonge ya barafu. Vikishayeyuka kwa njia hii, endelea kuvipika siku hiyo hiyo.

Onyo: usiviache juu ya meza viyeyuke vyenyewe, na usivimwagie maji ya moto. Nje hupata joto wakati kiini bado ni barafu, na bakteria kama salmonela huongezeka haraka kati ya nyuzi 4 na 60.

## Hatua ya 3: Kubabua na kukata

Angalia ukingo wa nyuma wa kipapatio. Utaona vishina vya manyoya vilivyobaki baada ya kunyonyolewa. Shika kipapatio kwa kibanio, kipitishe juu ya mwali wa gesi au mkaa kwa sekunde tatu nne kila upande, kisha ng'oa vishina vilivyobaki kwa ncha ya kisu. Usikibabue mpaka ngozi ianze kujikunja. Unataka manyoya tu yaondoke.

Sasa kukata. Kipapatio kizima kina sehemu tatu. Ya begani inafanana na paja dogo, ina mfupa mmoja na nyama nyingi. Ya kati ni bapa, ina mifupa miwili myembamba inayokwenda sambamba. Ya mwisho ni ncha, ngozi, gegedu na vifupa vidogo tu.

Kilaze kipapatio kwenye kibao, ngozi ya nje chini. Kipanue kama unafungua kitabu. Weka kidole gumba kwenye kiungo kati ya sehemu ya begani na ya kati, ukichezeshe: utahisi kibonde kidogo kati ya vichwa viwili vya mifupa. Weka kisu hapo hapo na ubonyeze taratibu. Kisu kikiingia mahali pake hakuna sauti ya kuvunjika, kinapita kama kinakata karoti laini. Kikigoma, usiongeze nguvu. Umekanyaga mfupa. Kisogeze unene wa sarafu, kushoto au kulia, ujaribu tena. Vitatu vya kwanza vitakusumbua, cha nne mkono utakuwa umejua.

Rudia kwenye kiungo cha ncha. Ncha usitupe, ziweke kwenye mfuko friza. Nitazirudia.

Umefanikiwa kama: mwisho wa kila mfupa una kichwa cheupe, laini, kisicho na vichane.

## Hatua ya 4: Kuosha na kukausha

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiruka vingine vyote, hapa usiruke.

### Kuhusu kuosha

Wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri kutoosha kuku mbichi. Maji ya bomba yanaporuka hubeba bakteria kutoka kwenye nyama hadi kwenye sahani, kaunta na nguo zako, na bakteria hao hufa kwa moto, hawafi kwa kuoshwa. Mimi nakubaliana nao. Lakini nimelelewa kama ulivyolelewa wewe, na najua nyumba nyingi kuku asiyeoshwa haingii sufuriani.

Kama ni lazima, osha kwenye beseni lenye maji kidogo, kwa mkono wa taratibu. Usitumie bomba linalomwaga. Maliza kwa kuosha beseni, sinki na mikono kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine. Usiloweke, suuza tu.

Ndimu usiweke hapa. Asidi hubana nyama ya juu na kuifanya ngumu, inaongeza majimaji juu ya ngozi, na inachelewesha ngozi kupata rangi. Harufu nzuri ya ndimu unayoitafuta utaipata zaidi ukiikamulia mezani.

### Kukausha kwa kitambaa

Chuja vipapatio dakika kumi kwenye chujio. Kisha chukua kimoja kimoja, ukifunge kwenye karatasi, ukikamue kwa kiganja. Fungua mkunjo na ukaushe ndani. Kilo moja inakula dakika kumi na karatasi nyingi. Usizihurumie karatasi.

### Kukausha kwa baridi

Vipange kwenye wavu juu ya trei, ngozi juu, visigusane, uviweke kwenye friji bila kufunika kwa masaa 8 hadi 24, sehemu ambayo hakuna chakula chini yake. Hewa ya friji ni kavu na inanyonya unyevu polepole. Mimi hufanya usiku, nikapika kesho yake jioni.

Huna friji, au umeme wa mtaani kwenu haueleweki? Vipange kwenye wavu, elekezea feni kwa dakika 30, ukifunika kwa kawa nzi wasitue. Kawa inapitisha hewa, sahani haipitishi. Usizidishe dakika 30: kuku mbichi hatakiwi kukaa nje zaidi ya masaa mawili kwa jumla, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu.

Umefanikiwa kama: ngozi imebadilika. Haina weupe wa unyevu tena, imekuwa ya kupenya macho kidogo, imeshika nyama, na ukipitisha kidole hakinati wala hakitoki na maji. Ukiona hivyo, sehemu ngumu umeshaivuka.

### Je, kuchemsha kwanza?

Wengi huchemsha kwa mazoea ya kuku wa kienyeji. Broila hahitaji. Utamu unabaki kwenye maji, na ngozi inaingia kwenye mafuta ikiwa imelowa. Kama umeshachemsha, okoa hali: vitoe, vikaushe, vipumzishe kwenye friji masaa mawili, ndipo ukaange.

## Hatua ya 5: Chumvi na viungo

Kwa kilo moja: vijiko 2 vya chai vya chumvi laini, kijiko 1 cha chai cha pilipili manga ya kusaga, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba.

Kama unatumia oveni, ongeza kijiko 1 cha chakula cha bekingi pauda na upunguze chumvi iwe kijiko kimoja na nusu, kwa sababu pauda yenyewe ina ladha ya chumvi. Pauda huifanya ngozi ipate rangi mapema na hutengeneza vipovu vidogo vinavyoifanya ngozi ivunjike mdomoni. Watu wawili waliwahi kuniandikia kwamba vipapatio vyao vina ladha ya sabuni. Wote walikuwa wametumia magadi.

Changanya viungo vikavu kwanza, kisha nyunyiza ukigeuza. Wakati mzuri ni kabla ya kuviweka kwenye friji usiku, chumvi ipate muda wa kuingia.

Kitunguu saumu na tangawizi mbichi visipakwe sasa. Vina maji, halafu vinaungua kabla nyama haijaiva na kuacha uchungu. Nafasi yake ni kwenye sosi.

## Hatua ya 6: Kupika

### Oveni

Washa nyuzi 220 na uisubiri ipate moto kweli, dakika 15. Panga vipapatio kwenye wavu, ngozi juu, viwe na nafasi ya kidole kati yake. Dakika 25, geuza, kisha dakika 20 hadi 25 nyingine.

Oveni ndogo ya mezani hupendelea upande mmoja: zungusha trei katikati ya muda, na upike nusu kilo nusu kilo. Ukiijaza, mvuke hauna pa kutokea, na utapata ile trei ya dada yule wa picha.

Mwenye kikaangio cha hewa: nyuzi 200, safu moja, dakika 22 hadi 25, ukitikisa katikati.

### Mkaa

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayoharibu vipapatio vingi zaidi.

Washa mkaa usubiri mpaka uwe na jivu jeupe juu na mwali uishe. Usiutandaze jiko zima. Usogeze upande mmoja, upande wa pili uwe mtupu. Sasa una sehemu mbili: ya moto na ya joto.

Anza kwenye joto. Panga vipapatio upande usio na mkaa, funika kwa sufuria iliyopinduliwa au mfuniko mpana, viive polepole dakika 20 hadi 25, ukigeuza mara mbili. Mafuta ya ngozi yatayeyuka na kudondoka pembeni. Kisha ondoa mfuniko, vihamishie juu ya mkaa dakika tano hadi nane, ukigeuza kila nusu dakika, usiondoke.

Ukianza juu ya mkaa, mafuta yanadondokea kwenye moto, mwali unaruka, ngozi inapakwa masizi dakika ya tatu huku mfupani bado ni kubichi. Ndiyo hadithi ya "nje vimeungua, ndani vina damu". Mwali ukiruka, sogeza vipapatio upande wa joto. Usimwage maji, yatarusha jivu kwenye nyama.

### Mafuta

Tumia karai au sufuria yenye kina, na mafuta yasizidi nusu yake. Siweki unga. Ngozi kavu inatosha.

Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwa moto wa wastani, karibu nyuzi 150, dakika 8 hadi 10, mpaka viive lakini bado vimepauka. Vitoe, vipumzike kwenye wavu dakika kumi. Mara ya pili kwa moto mkali, nyuzi 190, dakika mbili hadi tatu, mpaka viwe rangi ya kahawia ya dhahabu. Mara ya kwanza inaivisha nyama, na ile mapumziko inaruhusu unyevu wa ndani kutokea juu, ili mara ya pili iumalize.

Bila kipimajoto, chovya mpini wa mwiko mkavu wa mbao. Vipovu vichache vinavyopanda taratibu ni joto la mara ya kwanza. Vipovu vingi vinavyochangamka mara moja ni la mara ya pili. Mafuta yakitoa moshi yamepita kiasi, punguza moto.

Weka vipande sita hadi nane kwa mkupuo. Ukimimina vyote, mafuta yanapoa na vipapatio vinayanywa.

Onyo: mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usimwagie maji hata kidogo, na usijaribu kubeba sufuria kuitoa nje.

## Hatua ya 7: Kujua kama vimeiva

Kipimo salama ni nyuzi 74 kwenye sehemu nene, kipimajoto kisiguse mfupa. Lakini kwenye vipapatio mimi husubiri 85. Vina gegedu na ngozi nyingi, na kati ya 74 na 85 vitu hivyo hulainika na kuwa vya kulambika. Minofu ya kidari ingekauka kwa joto hilo, kipapatio hakikauki.

Bila kipimajoto, chukua kipande kikubwa cha begani. Nyama iwe imejivuta ikaacha ncha ya mfupa wazi. Shika mfupa uuzungushe: ukizunguka ndani ya nyama bila kung'ang'ania, kimeiva. Chana karibu na mfupa: majimaji yawe meupe.

Kuhusu wekundu. Mifupa ya broila ni michanga na ina vitundu, na kuku akigandishwa, rangi ya uboho hutoka ikapaka mfupa na nyama iliyo karibu yake. Kwa hiyo unaweza kuona weusi au wekundu kwenye mfupa wa kipapatio kilichoiva kabisa. Kama joto limefika 74 au zaidi, kula bila wasiwasi. Kama huna kipimajoto na nyama yenyewe bado ni laini ya kung'aa kama mbichi, kirudishe.

## Hatua ya 8: Sosi ya ukwaju na pilipili

Loweka gramu 50 za ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji ya moto dakika 15, ufikiche, uchuje. Kwenye vijiko viwili vya mafuta, kaanga punje nne za kitunguu saumu zilizotwangwa na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, nusu dakika tu. Mimina ukwaju, vijiko viwili vya chakula vya asali, pilipili mbuzi moja na chumvi kidogo. Acha ichemke taratibu dakika tano hadi saba, mpaka ushikapo mwiko ukapitisha kidole mgongoni mwake, mstari ubaki.

Mimina vipapatio vya moto kwenye bakuli kubwa, mwaga sosi, rusha rusha, peleka mezani hapo hapo. Asali ikiingia mapema jikoni huungua, na sosi ikikaa kwenye vipapatio zaidi ya dakika kumi hurudisha unyevu uliouhangaikia tangu jana. Wageni wakichelewa, sosi iwe kwenye kibakuli, kila mtu achovye. Ndimu sasa ikatwe, na kachumbari iletwe.

## Hatua ya 9: Kinachobaki

Vibichi hukaa friji siku moja hadi mbili, vilivyopikwa siku tatu hadi nne. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji iliyofungwa hushika baridi kama masaa manne, friza iliyojaa hadi masaa 48, iliyojaa nusu kama 24. Ugandishe kwenye mifuko ya nusu kilo, ili utoe unachohitaji tu.

Kupasha moto, tumia oveni ya nyuzi 200 au kikaango kikavu chenye mfuniko wazi, dakika nane hadi kumi. Maikrowevu inavipika kwa mvuke, na ngozi inarudi kuwa mpira.

Halafu zile ncha. Zikifika nusu kilo, ziweke kwenye sufuria na maji baridi ya kuzifunika vidole viwili, tangawizi iliyopondwa, chumvi na punje chache za pilipili manga. Moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili, uengue povu la mwanzo. Chuja. Ikilala kwenye friji, asubuhi utaikuta imeganda kama jeli, kwa sababu ya gegedu lote lile. Ipashe, kamulia ndimu, na chapati iwe karibu.